Rozari Nzima Kufika Uani

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilipata kazi katika nyumba ya wazee ya misioni moja upande wa Masisi, pale barabara inapoacha mashamba ya maharage na kupanda kwenye malisho ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mjane bila mtoto. Kazi yangu ilikuwa kufua, kupika uji wa mtama, na kuwageuza kitandani wale wasioweza kujigeuza. Wazee walikuwa kumi na mmoja. Wengine walikuwa wamezika watoto wao wote. Wengine walitoka mbali wakashindwa kurudi.

Mkubwa wetu alikuwa mtawa Mzungu. Tulimwita Masere, kama watawa wote walivyoitwa kwetu. Siku moja alirudi kutoka misioni nyingine. Huko nyumba ya wagonjwa ya nyasi ilikuwa imeshika moto, na wagonjwa wawili hawakutoka. Kesho yake alinisimamisha katikati ya chumba kikubwa, akaniuliza, "Moto ukianza jikoni sasa hivi, utamtoa nani kwanza?"

Swali lile lilinikaa kichwani. Nikifua, nilipanga vitanda. Nikikoroga uji, nilihesabu hatua za kufika mlangoni. Nilitaka kujua.

Jumatatu iliyofuata Masere aligonga kengele, akasema wote watoke, kwa majaribio, kana kwamba moto umeanza. Mama mmoja kipofu, aliyetoka katika jamaa ya wafugaji, ndiye aliyetangulia. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akavuka kizingiti, akaketi kwenye benchi la uani na kuanza rozari kwa sauti. Aliimaliza yote, makumi matano, kabla mtu wa mwisho hajatoka.

Wa mwisho alikuwa Mama mmoja aliyepooza miguu. Tulimbeba mimi na mpishi, mwanamume mnene mwenye huruma, mmoja akishika mabega na mwingine magoti, naye alilia kwa maumivu njia nzima.

Papa mmoja, kama tulivyowaita wazee wanaume, mtu wa Walikale, alikuwa akitutazama, ameegemea fimbo yake. "Munamubeba kama gunia ya makaa," alisema. "Muntu habebwake vile."

Nilimwuliza anabebwa vipi. Akaniambia kwamba alipokuwa kijana alibeba Wazungu kwenye kipoyi, kile kiti cha miti miwili, siku nyingi ndani ya pori. Alituagiza tukate mianzi miwili mirefu na kufunga mkeka katikati. Kisha akatufundisha kutembea.

"Musipige mguu moja," alisema. "Weye wa mbele ukianza na kuume, wa nyuma anaanza na kushoto. Njo kiti haitatikisika."

Sikumwamini mpaka nilipojaribu. Tuliweka ndoo ya maji kwenye kipoyi, tukaenda wote wawili kwa mguu uleule. Maji yakamwagika hadi nusu. Tulipopishanisha hatua, yalitikisika kidogo tu, na yaliyomwagika hayakulowesha hata mkeka. Nilirudia mara tatu kwa sababu nilifurahi kuona. Mpishi akaniuliza kama nimekuwa mwalimu.

Baada ya majuma machache tuliweza kuwatoa wote kabla Mama kipofu hajapita makumi mawili ya rozari yake. Papa wa Walikale alikuwa na mguu uliovimba, na sasa yeye ndiye aliyechelewa. Nikamwambia, "Papa, na weye tukubebe."

"Nilibeba wantu miaka mingi," akajibu. "Najua ule muntu wa chini anaona nini. Sitaki."

Nikamwacha.

Halafu mvua ndefu ikaanza. Mlango wa nyuma ukakataa kufungika. Mpishi akauchonga kidogo kwa panga, ukafungika; baada ya siku nne ukakataa tena. Nilipochuchumaa kuutazama, niliona ufa kwenye sakafu, mwembamba kama uzi. Nilichomeka jani la nyasi ndani yake. Siku ya tatu jani lilianguka lenyewe, ufa ulikuwa umepanuka.

Asubuhi hiyohiyo Mama kipofu alinyoosha kikombe chake bila kunywa. "Maji ya leo munateka wapi?"

"Palepale, Mama. Kwenye chemchemi ya nyuma."

"Inanusa udongo."

Nikaenda kuangalia. Chemchemi iliyokuwa safi hata wakati wa mvua ilikuwa ikitoa maji mekundu mazito. Nilimwita Masere, nikamwonyesha maji na ufa. Alimchukua mpishi, wakapanda mteremko ulio juu ya nyumba, mahali miti ilipokatwa ili kupanda pareto. Waliporudi viatu vyao vilijaa matope. Mpishi alinionyesha kwa mikono: huko juu nyasi zimepasuka, mstari mrefu, mkono unaingia mpaka kiwiko.

Masere alishika kamba ya kengele, kisha akasita. Sote tulijua njia moja tu, ile ya kwenda uani, na ua ulikuwa upande wa chini wa nyumba, palepale udongo wa mlima ungeporomokea.

Papa wa Walikale akasema kutoka kitandani kwake, "Moto, munakimbia mbele. Udongo, munakimbia kando."

Kando, kwenye mgongo wa kilima, palikuwa na darasa la shule ya misioni. Masere akagonga kengele. Ilikuwa baada ya uji, mvua ikinyesha. Wenye nguvu walishikana kamba, Mama kipofu mbele yao kwa sababu matope hayakumtisha, naye mwalimu wa shule hiyo, aliyekuja aliposikia kengele, akamshika mkono. Mimi na mpishi tulimpeleka Mama aliyepooza, tukarudi, tukapeleka mwingine, tukarudi.

Katikati ya njia tulimkuta Papa wa Walikale amekaa kwenye matope, fimbo imevunjika. Tuliweka kipoyi chini. Aliutazama mlima, kisha akajivuta na kuketi kwenye kipoyi. Tulipoanza kupanda alisema tu, polepole, "Wa nyuma, punguza hatua." Nilipunguza.

Adhuhuri wote walikuwa darasani. Na hapo hakuna kilichotokea. Saa zikapita. Mmoja alidai tumbaku yake, mwingine alisema tumemlowesha bure. Mpishi alitaka kurudi kuchukua sufuria kubwa. Masere alisimama mlangoni, mikono ameitandaza, asipite mtu.

Alasiri tukasikia sauti kama lori linalomwaga mawe, ikaendelea muda mrefu kuliko tulivyotegemea. Kisha harufu ya udongo uliogeuzwa ikafika mpaka darasani. Jiko, nusu ya nyumba na ua wote na benchi lake vilikuwa vimefunikwa.

Watu walisali. Mimi, naona haya kusema, nilitaka kushuka kuona udongo umepita wapi.

Lakini tulikuwa tumebeba watu tu. Hatukubeba blanketi hata moja, wala kuni kavu, na nguo za wote zililowa. Darasa lile lilikuwa na upepo pande zote. Mama aliyepooza alianza kukohoa siku iliyofuata. Siku ya nne akafa, mkono wake ndani ya mkono wangu. Masere aliniuliza baada ya mazishi, "Tulisahau nini?" Nikamwambia. Aliandika kwenye daftari lake, na wino ulichuruzika kwa machozi yake.

Nyumba mpya ilipotakiwa kujengwa, Masere hakumwachia fundi peke yake achague mahali. Aliwapeleka wazee, wengine kwa miguu, wengine kwa kipoyi, kwenye viwanja vitatu. Walichimba kwa fimbo, wakaonja maji, wakabishana. Papa wa Walikale aliuliza miti ya juu ni ya nani na kama ataikata. Mama kipofu alikaa chini kwenye nyasi za kiwanja cha tatu, akaweka viganja ardhini, akakaa hivyo.

"Unasikia nini, Mama?" nikamwuliza.

"Bado," akasema. "Nyamaza kwanza."

Fundi akavua kofia, akangoja pamoja nasi.