Komal Niliyoisugua

Binti yangu alikuwa na miaka minane, na Kiswahili changu alikijibu kwa Kiswidi. Hilo nilikwisha kulimeza. Lakini siku aliporudi kutoka kwa jirani yetu wa Mexico, pale mtaani kwetu Hjulsta, akasema, "Grannens är mjukare," yaani mikate ya jirani ni laini kuliko chapati zangu, moyo uliniuma kwelikweli. Chapati ndicho kitu pekee nilichojivunia katika nchi hii.

Nikajiambia kasoro si mkono wangu, ni chombo. Jirani alipikia komal, sinia la udongo ambalo hulibandika jikoni bila tone la mafuta. Nikaenda kuiazima. Alinipa kwa mikono miwili, akaniambia mama yake aliipakata kwenye ndege kutoka kwao.

Nilipoitazama nyumbani, nilimsikitikia. Ilikuwa imeganda weupe juu. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akigeuza masufuria kukagua matako yake, na kwetu chombo cha watu hakirudi kichafu. Nikashika waya wa kusugulia, nikasugua mpaka udongo ukatoka mwekundu. Nikamwaga mafuta, udongo ukayanywa. Nikaongeza, ukanywa tena. Chapati ya kwanza iling'ang'ania, ikachanika, moshi ukatanda, na king'ora cha moshi kikawatangazia majirani wote mapishi yangu.

Jirani alikuja mbio na taulo, akakipepea kile king'ora mpaka kikanyamaza. Kisha akaiona komal. Nikamwambia, kwa fahari kabisa, kwamba nimemsafishia.

Akakaa kitini. Akanieleza polepole, kwa Kiswidi kibovu kama changu, kwamba ule weupe ulikuwa chokaa. Huipaka mwenyewe ili mikate isigande. Akasema huenda ikapona akiipaka tena. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu siku hiyo yalikuwa nje kabisa.

Nikateleka kikaango changu cha zamani cha chuma, nikampikia. Chapati ya kwanza aliila yote. Alipofika ya pili akaniomba nimfundishe.

"Nimechoka," akasema. "Kila siku mwanao anakula kwangu, halafu ananiambia za mama yake ni tamu zaidi."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa amekwisha kufungua friji, anatafuta siagi.