Nusu Saa Nje ya Uzio wa Mama Mdogo

Mimi sina subira, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Foleni ya benki inanishinda, wali ukichelewa kuiva naukoroga hovyo, na mtu akinianzishia hadithi ndefu namwambia aanzie mwisho. Kwa hiyo na mimi naanzia mwisho: kwenye yale mashindano ya safari ya televisheni tulishika nafasi ya pili. Hatukushinda. Sasa nieleze kilichotokea siku ile ya mwisho, maana watu wengi hapa Hombolo wanaisimulia vibaya, na wengine wanaisimulia vibaya kwa makusudi.

Zawadi ilikuwa kirikuu. Kile kigari kidogo cha mizigo, kipya, cheupe, viti bado vina nailoni. Wenzetu walikitaka wakakiuze. Mimi nilikitaka kwa sababu ya zabibu. Shamba letu, langu na mume wangu, liko mbali na barabara ya lami, na njia ya kutokea ni mchanga mtupu. Msimu ukifika wenye magari wanatuahidi, "Nakuja mama, nipo njiani," halafu hawaji. Zabibu nazo hazina subira kama mimi. Zinakaa kwenye kreti, zinalainika, nyuki wanajaa, na mnunuzi akija kuziona jioni anatikisa kichwa tu. Mwaka mmoja tulimwaga nusu ya mavuno palepale shambani, na nililia mbele ya vibarua bila aibu.

Punda wangetutosha, na punda walikuwepo, ila walikuwa wa mama mdogo. Hapo ndipo penye kisa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mtoto, akanilea mdogo wake kule Buigiri, na mpaka leo ndiye mama ninayemjua. Nilipomwambia nimepata mchumba, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na kwamba tutafunga ndoa bomani ili kila mmoja abaki na dini yake, alichambua mboga mpaka zikaisha ndipo akajibu. "Huyo mtu hatujui sisi. Atakuja kukaa mbele yangu ale, kama anakula na wenzake kijiweni."

Kwetu, kwa Wagogo nilivyolelewa, hilo si jambo dogo. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Hamkazii macho, na akiwa na neno anampitishia mtu mwingine. Na mama mdogo ni mama mkwe sawasawa na mama mzazi, hakuna nusu. Usiku mmoja kabla ya ndoa nilimkalisha mchumba wangu nikamweleza yote hayo, akasikiliza kama mtu anayepewa dawa na maelekezo yake. Bure tu. Mama mdogo hakuja bomani. Miaka kumi na miwili hakukanyaga kwangu, na mume wangu hakualikwa kwake hata siku moja. Nilikuwa naenda Buigiri peke yangu na watoto, naye akiniuliza, "Huyo mtu hajambo?" Jina hakuwahi kulitaja. Tulipomwomba punda msimu mmoja, alituma salamu kwamba punda wana mimba. Wote wawili, na mmoja ni dume.

Basi. Binti yetu mkubwa ndiye aliyetujazia fomu ya mashindano kwenye simu, bila kutuuliza. Wiki tatu tulizunguka nchi wawili wawili, bila simu, na nauli ya kubania, kila kituo tukipewa bahasha ya kutuambia pa kwenda na kazi ya kufanya. Jozi ya mwisho inatolewa. Sijui wenzetu walitolewaje, lakini sisi tulibaki kwa sababu mume wangu hapotei njia na mimi sioni haya kuomba lifti. Asubuhi ya siku ya mwisho tulikuwa jozi tatu, milimani Kibakwe, meno yanagongana kwa baridi.

Kazi ya Kibakwe ilikuwa maharage: myapige kwa fimbo, myapepete, mjaze debe. Jamani, mimi na maharage! Mume wangu akapiga, mimi nikapepeta, na kabla jua halijakolea tulishaondoka. Nyuma yetu walikuwa dada wawili wa Tanga, hodari, wacheshi, tatizo lao upepo uliwarudishia makapi usoni. Vijana wa Mwanza sitawasema sana. Walipanda gari la kupanda milimani badala ya kushuka, na walipogundua walikuwa wameshalipa nauli.

Lori la vitunguu likatubeba. Nikafungua bahasha tukiwa juu ya magunia, mpiga picha wetu amejishikilia kwenye bomba. Imeandikwa: Nendeni Buigiri. Tafuteni nyumba yenye mkokoteni mwekundu. Mwenyeji atawapikia ugali wa uwele na mlenda; kaeni naye mkekani, mle mmalize, awape bahasha ya mwisho.

Nilipiga ukelele mpaka dereva akafunga breki. Huo mkokoteni niliupaka rangi mimi mwenyewe, nikiwa darasa la saba, kwa rangi iliyobaki ya mlango wa kanisa! Nyumba ya mama mdogo! Waandaaji walikuwa wameuliza kijijini nani anapika mlenda mzuri, wakaonyeshwa, wala hawakujua mimi ni mtoto wa pale. "Tumeshinda," nikamwambia mume wangu. "Kirikuu hicho, nakiona." Yeye akawa anatazama barabara. Nikadhani ana njaa.

Tulishuka Buigiri mbele ya dada wa Tanga, tukakimbia. Mkokoteni ule pale mlangoni, mwekundu wangu umepauka. Nikapita kwenye mwanya wa uzio wa minyaa nikaingia uani. Mama mdogo amekaa kwenye kigoda, mkeka umetandikwa, ugali unafuka moshi. Alivyoniona akashika mdomo. Nikageuka kumvuta mume wangu mkono. Hayupo.

Amesimama nje ya uzio, ametupa mgongo. "Shikamoo mama," akaita kutoka huko huko.

"Marahaba," mama mdogo akakijibu chungu cha mboga.

"Wewe, ingia!" nikamwambia. "Wenzetu wako nyuma yetu!"

"Siwezi kula mbele ya mama."

Nilicheka kwanza. Nilidhani ni utani. Kisha nikaona anavyokunja mikono ya shati kama mtu aliyekwisha kuamua, na mori ukanipanda. Nikamwendea nje. Nikamwambia ni mashindano tu, ni televisheni, matonge manne, afumbe macho. Akanijibu taratibu, "Ndiyo, ni televisheni. Nchi nzima inione nimekaa na mkwe wangu mkeka mmoja nalamba vidole?"

"Nani kakwambia nchi nzima inajua mila za hapa?"

"Mama anazijua," akasema. "Na wewe ndiye uliyenifundisha."

Hakuna kitu kinachoniudhi kama kurudishiwa maneno yangu. Nikamgeukia msimamizi, binti wa watu, kashika makaratasi. Nikamwomba amruhusu mume wangu ale akiwa nje. Akapekua kanuni zake, akasema kanuni ni wote wawili mkekani na mwenyeji. Asiyeweza anakaa nje nusu saa ndipo apewe bahasha. "Tunachukua adhabu," mume wangu akasema, hata hakunitazama. Akakaa juu ya jiwe. Nikamwambia maneno ambayo baadaye kipindi kiliyafunika kwa mlio, mlio mrefu tu, na majirani wananiuliza mpaka leo nilisema nini.

Ile nusu saa niliitembea yote, kwenda na kurudi. Dakika ya kumi na moja dada wa Tanga wakafika, wakaketi mkekani, wakala mlenda kwa shida, unavutika mpaka kidevuni, mmoja akacheka nusura apaliwe. Wakamaliza, wakashukuru, wakachukua bahasha na kuondoka mbio. Niliwasikia wakiita pikipiki barabarani.

Ndipo mama mdogo akaniita jikoni. Alikuwa ameshapakua sahani nyingine, ameifunika kwa kawa ile nzuri, ya wageni. "Mpelekee huyo mtu," akasema, "asije akasema kwangu hakulishwa." Nikaipokea kwa kisirani, nikaitua pale kwenye jiwe nusura nimwage mboga. Mume wangu akanawa, akala akiwa ameipa mgongo nyumba, polepole, akamaliza kila kitu. "Mwambie mama nimeshiba, Alhamdulillah," akasema. Nikairudisha sahani. Mama mdogo akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama ilivyo tupu.

"Amemaliza," akasema.

"Amemaliza," nikasema, "na kirikuu changu amekimaliza." Nusu saa ikatimia, nikanyakua bahasha, nikatoka hata kwaheri sikuaga.

Mwisho ulikuwa Ihumwa, kwenye uwanja karibu na reli. Treni ya umeme ilipita wakati tunashuka kwenye pikipiki, na ilipomaliza kupita nikawaona dada wa Tanga wamepanda juu ya kirikuu, mmoja anapiga honi. Zilikuwa dakika chache tu kati yetu. Tukapewa magodoro mawili na taa ya sola. Mume wangu akawapongeza kwa moyo, akawaonyesha hata namna ya kukagua maji ya betri. Mimi nilitabasamu kwa sababu kamera ilikuwepo. Kutoka Ihumwa mpaka nyumbani sikumsemesha, wala kesho yake, na usiku nililala kwenye godoro jipya chumba cha watoto.

Hasira zangu hazidumu, zinachosha. Siku ya tatu nilimpikia. Lakini moyoni nilikuwa bado nina donge, na lilibaki hapo mpaka kipindi kilipoonyeshwa, baada ya wiki kadhaa. Majirani walijaa sebuleni kwetu, wengine dirishani. Ilipofika sehemu ya Buigiri nikataka kwenda jikoni nijifanye nina kazi. Binti yangu akanishika gauni.

Nikajiona uani ninavyokwenda na kurudi, midomo haitulii, watu wakaangua kicheko. Halafu picha ikahamia jikoni, mahali ambapo mimi sikuwepo. Mama mdogo amesimama peke yake, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Msimamizi anamuuliza, mama, kuna nini, tumekukosea? Mama mdogo akajifuta, akachungulia kwenye tundu la ukuta kule kwenye jiwe.

"Hapana, mjukuu wangu," akasema. "Kumbe mwanangu ameolewa."

Akachukua kawa. Pale sebuleni mume wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto wetu mdogo mapajani, akajifanya anamfunga vifungo vya shati, vifungo ambavyo vilishafungwa. Mimi nililia, ndiyo, nasema wazi, nililia mpaka jirani mmoja akaenda kunichotea maji. Donge likaisha palepale.

Zabibu za Agosti zilikuja nyingi. Tulivuna siku mbili, kreti zikapangwa chini ya turubai, na mwenye gari akapiga simu kwamba yupo njiani. Tulimjua, tukakata tamaa mapema. Saa moja asubuhi nikasikia magurudumu kwenye mchanga. Nilipotokeza nje ya banda niliuona mkokoteni mwekundu, punda wawili wanatikisa masikio, na mama mdogo anatembea kando yao na fimbo, viatu kavishika mkononi. Alikuwa amelala kwa dada mmoja wa kanisani njiani, ili afike mapema. Miaka kumi na miwili, na amefika kwa miguu.

Mume wangu alimwona kabla yangu. Akarudi haraka nyuma ya mistari ya mizabibu, akasimama huko, uso upande. "Shikamoo mama," akaita.

"Marahaba," akajibu mama mdogo, safari hii akiijibu mizabibu.

Nilimkumbatia, nikashindwa kujizuia. "Na zile mimba?" nikamuuliza. "Punda walijifungua salama? Hata huyu dume?"

"Usinichokoze," akasema, lakini akacheka mpaka akashika ubavu. Akawapa punda maji kwenye beseni langu la kufulia. Akazikagua kreti zote, akaonja punje moja, akaguna. Kisha akageuka, akampa mume wangu mgongo vizuri kabisa, na ingawa yule bwana alikuwa hatua kumi tu kutoka pale na anasikia kila kitu, akapaza sauti kwangu mimi.

"Mwambie mkwe wangu apange mzigo mbele, punda hawapendi uzito wa nyuma."

Kule nyuma ya mizabibu mume wangu aliinua kreti ambayo kwa kawaida hubebwa na watu wawili, akaibeba peke yake. Mimi nilifungua mdomo nipeleke ujumbe, na mimi ninayesema sana, sauti haikutoka.

"Mwambie basi," mama mdogo akasema.

Nikamwambia.