Gemu ya Mpira Ilivyotuangusha kwa Anti Syombua

Enzi zetu pale Kangundo, ukitaka kujua kama kadi ya grafiksi ni kali, hukuwa unauliza simu. Uliichomeka kwa kompyuta, ukaweka gemu, watoto saba wakapanga vichwa nyuma yako wakinuka maembe na isyo, ile mahindi na maharagwe ya jana iliyopashwa moto, na skrini ikasema ukweli ama ikadanganya. Wa rika langu mnakumbuka. Tuliovaa sweta za shule zimetoboka viwiko. Tuliochota maji kwanza ndio turuhusiwe kutoka, na mama akitaka kujua uko wapi alitafuta tu jerikeni yako imeachwa kando ya barabara gani. Kama wewe ni wa juzi, kaa hapo usikize, na usinikatize.

Yetu ilikuwa kwa Anti Syombua, dada mdogo wa mamangu. Kibanda cha mabati nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, unga umekaa juu ya kila kitu, mpaka kibodi. Hakuna mtu alimfundisha kompyuta. Ya kwanza aliifungua na bisibisi ya cherehani, akaifunga, zikabaki skrubu nne kwa mkono, na ikawaka. Mpaka leo mtu akiongea vibaya juu ya Anti mbele yangu tunakosana hapo hapo, sijali ni nani.

Alikuwa na mashine tatu. Mbili ndogo za kuchapa barua, na ya tatu tuliita Kubwa. Kubwa ndio ilikuwa inaleta watoto, na watoto ndio walikuwa wanaweka chakula kwa meza ya Anti. Mamangu alikuwa anasema, "Hiyo gemu yenu itawahi kupalilia hata mstari mmoja wa mahindi?" Halafu jioni anatuwekea chakula hivyo hivyo, na nyama kidogo chini ya ugali tusione haraka.

Sasa mwaka huo, wiki tatu kabla ya likizo ya Aprili, kadi ya Kubwa ikaungua. Ikanuka kama nywele zimeshikwa na moto, na picha zikaisha. Anti akaniambia mimi wa kwanza: "Syoka, likizo ikipita hivi, nafunga. Narudi Kola kulima na susu." Susu ni nyanya yetu. Hakuwa anatisha. Alisema vile mtu anasema kesho ni Jumanne.

Basi akamwita Brayo, muuzaji wa vifaa vya mitumba kutoka Machakos mjini. Brayo akaja Jumapili asubuhi na kadi mbili. Moja kubwa, nyeusi, feni mbili. Ingine ndogo, feni moja, imejaa vumbi kama imelala kwa ghala. Akasema, "Mnachagua moja, ingine narudi nayo leo. Mkishachagua, mmechagua."

Anti akatugeukia mimi na Mwende. Mwende tulikuwa darasa moja, msichana wa kubeba daftari ya hesabu mpaka kwa choo. "Nyinyi ndio mnacheza," Anti akasema. "Chagueni gemu ya kupimia."

Mimi sikungoja. Mpira! Kila kijana Kangundo anacheza mpira, unapima na nini kingine? Kwa kona ya skrini tulikuwa tunaweka namba inaonyesha kadi inachora picha ngapi kwa sekunde moja. Namba ikipanda na ikae, gemu inateleza. Ikianguka, wachezaji wanatembea kama wamekanyaga matope.

Mwende akasema, "Syoka, hiyo gemu imefungwa. Haipiti sitini hata uiwekee kadi ya maajabu. Ni kama kutaka kujua punda gani ako na nguvu, halafu unawabebesha kikombe cha chai."

"Wewe unajua nini?" nikamwambia, mbele ya watu wote. "Umewahi hata kufunga bao moja?"

Watu wakacheka. Mwende akafunga daftari. Hapo ndio ningechapwa kofi, lakini hakuna mtu alinichapa.

Kadi ya kwanza, sitini. Kadi ya pili, sitini. Nikasema wazi basi zinatoshana, tuchukue ile nyeusi, si angalia vile inakaa. Tukachukua nyeusi.

Jumamosi kibanda kilijaa mpaka nje. Kulikuwa na gemu mpya ya magari, mbio za kwa mvua, na sisi wa Ukambani mnajua vile tunapenda kuona mvua. Ilikuwa saa saba, jua liko juu ya mabati, mabati yanalia ko, ko. Mzunguko wa kwanza, tamu. Wa pili, gari likaanza kuruka-ruka. Wa tatu likasimama katikati ya kona, feni zikalia kama nyuki, skrini ikawa nyeusi.

"Hii mashine ni ya kuandika barua ya kuomba kazi!" kijana mmoja akasema. Wakacheka, wakatoka. Mmoja aliuliza akiwa mlangoni, "Kwani nani alichagua hii takataka?"

Nilijua jina langu linakuja.

"Ni mimi," Anti akasema. Hivyo tu. Akachukua kitambaa akaanza kupanguza meza ambayo ilikuwa safi.

Nililia nyuma ya posho mill mpaka unga ukashikana kwa uso. Halafu nikaacha kulia nikakasirika, na nikiwa na hasira huwa siketi. Nikaenda kwao Mwende. Alikuwa anachagua maharagwe kwa ungo.

"Nilikosea," nikamwambia.

"Sema tena. Kuku zilikuwa zinapiga kelele."

Nikasema tena. Akasogeza ungo, akaleta daftari.

Anti alimpigia Brayo simu. Brayo akasema kadi ni nzima, si tuliipima wenyewe? Mimi nikanyakua simu nikamwambia maneno siwezi andika hapa. Anti akaichukua polepole. "Brayo, kuja Jumamosi ijayo na ile ndogo. Watoto watapima tena mbele yako. Hii nyeusi ikishinda, sitakusumbua tena." Brayo akakubali. Alikuwa na kiburi, na hiyo ndio ilituokoa.

Tulikuwa na wiki moja ya kuchagua gemu. Mimi nilitaka ile ya wanajeshi kwa msitu, nzito kabisa, kila jani linachorwa peke yake. Mwende akakataa. "Hapo zote mbili zitalala. Zikilala zote, utajuaje ni gani ilikuwa mgonjwa?" Ya mpira ni nyepesi sana, ya msitu ni nzito sana. Tukarudi kwa ile ya magari. Ndio watoto walikuwa wanataka, na kila tone la mvua linachorwa, kwa hivyo kadi inatoa jasho bila kuuawa. Mwende akaandika sheria: barabara moja, magari ishirini, mvua kubwa. Gari liendeshwe na gemu yenyewe, Brayo asiseme mimi ndio dereva mbaya. Na tupime saa nane mchana, wakati mabati yamewiva, si asubuhi kama mara ya kwanza.

Ikabaki stima. Posho mill ikiwashwa, taa zote nyuma zinafifia, na Brayo angeshika hapo. Mimi mwenyewe, mtoto wa darasa la sita, nikaenda kumwomba mwenye mill azime. Akakubali nusu saa. Kina mama waliokuwa kwa foleni na mahindi wakakosa kazi, wakaja kujaza dirisha.

Nyeusi ikaanza. Hamsini na mbili. Mzunguko wa pili, arobaini. Wa tatu, ishirini na tatu, na feni zinalia. Tukazima, Anti akaweka ile ndogo. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na saba. Mzunguko wa nne, wa tano, haikutikisika.

Mama mmoja kwa dirisha akasema, "Aiya! Hako kadogo ndiko kanafanya kazi."

Brayo akagusa ile nyeusi, akaondoa kidole haraka. Akaitia kwa mkoba. "Bakini na ndogo," akasema, akaenda.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimrushie kitu, Anti akanishika sweta. "Wewe, kwanza Mwende. Ulimtukana mbele ya watu, mwombe msamaha mbele ya watu." Nikamwomba, kina mama wote wakiangalia. Sijawahi fanya kitu ngumu kama hiyo. Na likizo ikaja, kibanda kikajaa, na Anti hakuenda Kola.

Siku hizi hiyo ndio kazi yangu, napima kadi hapa Machakos mjini. Vijana wanakuja, nywele zimepakwa rangi, wananiambia, "Bosi, weka ile gemu inaonyesha mia mbili, nipige picha." Wengine wanaangalia mbingu tu ndani ya gemu, mahali hakuna kitu ya kuchorwa, namba ipande, halafu wanaenda kuringa. Mtoto hajui kuchota maji lakini anajua kudanganya namba! Mimi sipimi hivyo. Naweka gemu utacheza wewe, mchana, feni ya chumba imezimwa, na namba ikianguka utaiona ikianguka. Ukikasirika, mlango uko wazi. Wamekasirika wengi, na bado sijabadilisha.

Anti alifunga baadaye, kwa kupenda kwake, na pale sasa wanauza chakula ya kuku. Mwende anafundisha fizikia huko Kivaa. Mimi niko na gemu kumi na mbili za kupimia, skrini mbili, na kiti kinazunguka. Kadi za sasa zinachora mpaka vumbi kwa viatu, na chumba kiko kimya kabisa. Ningepeana hizo gemu zote nisikie mtu mmoja nyuma yangu, ananuka embe, ananiambia kwa sauti kubwa mbele ya watu kwamba nimechagua vibaya.