Siku Nilipomfundisha Naserian Kubariki Wageni

Ningesema "sijui" tu, leo nisingekuwa napita njia ya nyuma nikienda kununua sukari hapa Gatitu. Lakini siku ile binti yangu Wangui aliponiuliza, "Baba, si wewe uliishi Maralal kwa Wasamburu? Nimtafutie Naserian mwalimu wa mila za kwao, ama utaweza?" nilinyoosha shingo kama jogoo nikasema, "Mwalimu wa nini, na mimi niko hapa?"

Naserian alikuwa mtoto Msamburu wa miaka minne. Mama yake alifariki, na ofisi ya watoto ikampa Wangui amlee kwa muda, kwa sharti moja: asipoteze lugha wala desturi za kwao. Wangui, ambaye hajajaliwa mtoto, alikuwa amempata mama mmoja Msamburu anayeuza shanga Nanyuki, tayari kuja kila Jumamosi. Mimi ndiye niliyemkataa. Kweli niliishi Maralal miaka miwili nikiwa kijana, lakini nilikuwa nauza unga katika duka la mjomba wangu, na jioni zote nilikuwa na watu wa Nyeri wenzangu, tukila githeri yetu ya mahindi na maharagwe na kulalamikia vumbi. Wasamburu niliwajua kwa kuwapimia unga.

Basi nikafundisha. Jumamosi ya kwanza ilikuwa ngoma ya kuruka juu kama morani (niliruka mara moja, nikalala kifudifudi siku mbili). Shanga nilinunua sokoni Kiriaini, na Wangui akaniambia baadaye kwamba zile ni za kupamba pazia. Lugha nikaiahirisha kila wiki, nikisema tutaifikia, mpaka mwaka ukaisha.

Ndipo afisa wa watoto akaleta habari: nyanya yake Naserian amepatikana, anakuja kumwona, na yeye ndiye atakayesema kama mtoto abaki kwa Wangui au aende. Wangui hakula siku hiyo. Akaniambia, "Baba, aonekane tu kwamba hajasahau kwao. Hiyo tu."

Nikakumbuka kwamba huko Maralal niliwahi kuona sherehe, kwa mbali, watu wakipuliza maziwa kwa mdomo ili kubarikiana. Nani alikuwa anampulizia nani sikuona vizuri, kulikuwa na lori mbele yangu. Nikawaza: kwetu Wagikuyu mzee ndiye hutema mate akibariki, kwa hivyo wale, kwa kuwa si sisi, lazima wafanye kinyume, mtoto ndiye humbariki mkubwa. (Hesabu hiyo niliifanya nikiwa na akili timamu.)

Siku yenyewe ukumbi wa kanisa ulijaa: pasta, chifu, afisa na daftari lake, na akina mama wa kanisa ambao hawakualikwa. Nyanya akaingia taratibu, mama mrefu, mwembamba, akaketi pamoja na mwanawe wa kumtafsiria. Nikampa Naserian ishara. Akajaza mdomo mala, yale maziwa yaliyoganda, akamwendea pasta, akapuliza.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo heshima ilipotumaliza. Pasta alibaki amesimama, mala ikimtiririka kwenye tai, akasema, "Amina." Chifu akavua kofia, akainama, akapata yake. Afisa akaandika, daftari likalowa, akaendelea kuandika. Akina mama wakaanza kupanga foleni, mmoja akisukuma mwenzake, "Ngoja, mimi niko na mgonjwa nyumbani, wacha nitangulie!"

Halafu Naserian akamfikia nyanya yake, akampulizia usoni.

Yule mwanawe wa nyanya, mjomba wa mtoto, akageuka polepole. "Nani amemfundisha huyu?"

"Ni mimi," nikasema, bado nina fahari kidogo.

"Mzee, kwetu mkubwa ndiye humbariki mtoto. Mtoto huinamisha kichwa tu, aguswe."

Mtu mwenye busara angeomba msamaha akaketi. Mimi nikasema, "Aa, hiyo najua, tulikuwa tunafika hapo!" nikanyakua kikombe cha mala, nikapiga funda kubwa, nikampulizia mtoto kwa nguvu zangu zote ili nirekebishe. Meno yangu ya juu ni ya kutengenezwa. Yalitoka pamoja na mala, yakapita juu ya kichwa cha Naserian, yakatua mapajani mwa nyanya.

Ukumbi ukalipuka. Chifu alikaa chini kwenye sakafu akicheka, na mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Ati hiyo nayo ni mila?" Nyanya akayafuta meno kwa pindo la shuka yake, akanirudishia kwa mikono miwili, bila kutabasamu. Kisha akamwita mtoto, akamgusa kichwani, akamsemesha kwa Kisamburu, maneno machache, pole pole. Naserian akanitazama mimi. Akamjibu kwa Kigikuyu kwamba yeye ni mzima.

Nyanya akarudia. Mtoto akarudia jibu lilelile. Watu wakaacha kucheka mmoja mmoja.

"Anamuuliza kama anakumbuka jina ambalo mama yake alikuwa anamwita," mjomba akaeleza. Nyanya akasema jambo lingine, naye akatafsiri akiangalia sakafu: "Anasema maziwa si kitu. Anauliza, na hao mama zetu wamejaa Nanyuki, mwaka mzima mlikosa hata mmoja?"

Wangui hakunitaja. Angeweza, lakini alimshika tu mtoto mkono.

Tangu siku ile nikiulizwa jambo nisilolijua nasema silijui, hata kama ni bei ya kabichi. Nimechelewa. Nyanya aliamua mtoto aende, Naserian akapelekwa kwa familia ya Kisamburu huko Nanyuki, na binti yangu akabaki bila mtoto, kwa sababu mimi niliona haya kusema sijui.