Mzimu wa Puani

Nilipokuwa mtoto, Ifakara ikiwa chini ya Wajerumani, mama yangu aliugua uso. Akiinama kupalilia mpunga, paji lilimgonga kama linataka kupasuka, na pua ilitoa usaha wenye harufu mbaya.

Ndipo akaja mganga wa maji, yule aliyeahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tumbo kubwa, maneno makubwa zaidi. Watu walimwinamia awanyunyizie vichwani. Mama alibaki amenyoosha shingo.

"Inama!"

"Siwezi, mganga. Kichwa kinaniuma."

"Mnasikia? Ana mzimu puani, unayaogopa maji yangu!"

Upuuzi mtupu! Akammwagia hivyo hivyo, kisha akaketi kula kuku wetu.

Bibi, mama yake mama, hakubishana. Alichemsha majani ya kivumbasi, akamfunika mama kaniki juu ya chungu, akamfukiza asubuhi na jioni. Siku chache baadaye pua ikafunguka, usaha ukamwagika, na mama akainama bila kulia.

Nani akasifiwa? Yule mla kuku!

"Kama maji yangu yameshinda mzimu," alijigamba, "risasi ni kitu gani?"

Mpaka siku ile baba alikuwa anasitasita kwenda vitani. Sasa alikuwa na ushahidi ndani ya nyumba yake.

"Mkwe wangu," bibi alimwambia, "kilichomponya mkeo ni mvuke. Usiende."

"Mama, hayo ni mambo ya jikoni," baba akajibu kwa heshima, akaondoka na wenzake kwenda kulivamia boma la Wajerumani la Mahenge. Risasi hazikugeuka kitu. Baba hakurudi. Mganga hakwenda, alikuwa na shughuli kijiji kingine, ambako bila shaka walikuwapo kuku.

Nilipokuwa mtu mzima, daktari alinieleza kwamba ndani ya mifupa ya uso mna vijishimo. Utando wavyo ukivimba, njia huziba na usaha hukwama. Mara nyingi ni uvimbe wa kawaida tu, unaofuata mafua, na huisha wenyewe. Huo ndio uliokuwa mzimu wetu.

Baba simdharau. Alichoka viboko vya Wajerumani, akatafuta cha kushika. Yule mganga namdharau mpaka leo, na sioni haya kusema. Mama yeye hakumtaja mganga huyo kamwe. Ila watu walipompongeza kwa kupona, alikuwa akijibu, "Heri ningebaki kuumwa."