Gitaa Ndani ya Debe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa mtaa wa Bulla Pesa wakitoka kutafuta maisha, mimi hubaki chumbani na gitaa la umeme, nikitafuta sauti ambayo mtu mwingine alishaipata zamani, akairekodi, akaenda zake. Kutunga wimbo sitaki. Nataka gitaa langu lilie kama lile la kwenye rekodi, basi.

Wapangaji walichoka. Mama wa chumba cha pili alishtaki kwa mwenye ploti kwamba mbuzi wake wamepunguza maziwa kwa sababu yangu. Mwenye ploti, sote tunamwita Haji, aliendesha lori la kwenda Moyale miaka mingi. Alikuja na masharti: kuna rumba moja ya zamani aliyokuwa akiisikiliza njia nzima. Nikiitoa sauti ya gitaa lile sawasawa, niendelee kupiga. Nikishindwa, gitaa lihame, na mimi nikipenda nilifuate.

Wiki nzima niliusikiliza wimbo huo kwa simu. Nilibadilisha nyuzi, nikaning'iniza spika bafuni, nikaifunika blanketi. Ijumaa baada ya swala Haji akaja, akaketi kwenye stuli. Nikapiga. Hata mimi sikusikia tofauti na rekodi.

"Hapana, kijana," akasema. Nina miaka arobaini na mbili. "Hii imeoga."

Ndipo nikapata akili ya kumuuliza alikuwa akiusikilizia wapi. Kwa kaseti, akasema, iliyoanikwa juani juu ya dashibodi mpaka ikalegea, na spika iliyopasuka mlangoni, barabara ikiwa bado mawe matupu. Kumbe mimi nilikuwa naiga studio, na mzee anataka lori.

Nikaomba dakika kumi. Nikalegeza nyuzi, nikatumbukiza spika kwenye debe la mafuta ya kupikia, nikatupia kokoto kiganja kizima. Mama wa chumba cha pili alisimama mlangoni akauliza kama leo tutakula mawe. Nikapiga. Debe likatetemeka, gitaa likalia kama limemeza vumbi la Merille, kule njia ya lori.

Haji alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ukashuka taratibu kando ya stuli, ukashika gia isiyokuwepo, ukaipunguza kama mtu anayepanda mlima.

"Gitaa litabaki," Haji alisema wimbo ulipokwisha. "Lakini utapiga hii peke yake, na hivi hivi."

Basi kila alasiri naupiga. Ile sauti ya studio bado ninayo vidoleni, safi kabisa, na sina ruhusa ya kuitoa.