Saidi wa Aina Yoyote

Ukiwauliza wazee wa Bariadi habari za Saidi Maftaha, watakwambia alikuwa utingo wa lori la wilaya, mrefu, mkimya, sigara haimtoki mdomoni. Hayo yote ni kweli. Lakini ukitaka kujua kwa nini mwaka 1978 alishuka kwenye lori alilokuwa na haja nalo kuliko mtu yeyote, uniulize mimi Lukresia. Niliyemshusha ni mimi, na wala sikuinuka kwenye kiti changu.

Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, na nasema bila haya kwamba nilikuwa hodari. Wakubwa waliniletea miandiko kama kuku kaparura, nikawa nainyoosha, nawawekea nukta na kuwarekebishia Kiswahili chao. Hakuna aliyenishukuru, wala hakuna aliyelalamika, basi nikazoea kujiona mwalimu wao.

Saidi alikuwa mtu wa kutii. Operesheni ya vijiji ilipopita, aliambiwa nyumba yake iko mahali pasipotakiwa. Akaing'oa mwenyewe, mlango, madirisha na mabati, akapakia, akahama, wenzake wakiwa bado wanabishana na mabalozi wa nyumba kumi. Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Asumini. Alimsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya, watoto wakamcheka shuleni, akaendelea kumsuka mpaka akajua. Binti akamaliza la saba, akachukuliwa kufundishwa ualimu wa UPE, ule mpango wa elimu kwa wote, akapelekwa kijiji cha ujamaa kule Mwamanyili. Saidi naye alikwenda kisomo cha watu wazima miaka miwili, na alichoambulia ni jina lake tu. Alilijua vizuri lakini. Alikuwa akiliandika kwa kidole kwenye vumbi la bodi ya lori, halafu anasimama kulitazama.

Mvua za mwaka ule zilileta kipindupindu. Barabara zikafungwa kwa magogo, mgambo wakawekwa, mtu haendi wala harudi bila kibali. Mwamanyili waliyageuza majengo ya shule kuwa kambi ya wagonjwa. Dawa ya kutia visimani ilikuwa imekwisha, ndipo Bwana Afya wetu akapata mapipa manne ya klorini kutoka Mwanza, yaliyoagizwa kwa ajili ya bwawa la kuogelea la wazungu. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza. Sisi bwawa tunalijua ni la ng'ombe, na mtoto akikutwa anaogelea humo anachapwa. Sasa watu wazima wana bwawa la kuogelea, na bwawa lenyewe lina dawa. Lilikuwa linaumwa nini?

Bwana Afya akaniletea masharti ya kuyasafirisha, ameyaandika kwa haraka kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza. Nilipoyasoma nilidhani kalewa. Dawa hii ya maji isiguswe na maji. Ikishika moto imwagiwe maji mengi sana. Ifunikwe turubai, lakini ipate hewa. Isikae karibu na mafuta ya taa, dizeli, sukari wala pamba. Sigara ni marufuku. Ni dawa gani ya maji inayoogopa maji, ikiungua ndiyo inayataka? Nikajisemea akili ni nywele, nikapiga chapa kama yalivyo.

Mpaka nikafika sharti la nane. Yeye aliandika: "Asidi ya aina yoyote isipakiwe pamoja na dawa hii." Neno asidi sikuwa nimelisikia maishani. Saidi nilimjua, alikuwa utingo wa lori lilelile, tena mvuta sigara asiyeacha, na sharti la saba lilikuwa la sigara. Nikaona kila kitu kimekaa sawa. Bwana Afya kakosea kuandika jina, na ngeli nazo kazivuruga. Nikamnyooshea: "Saidi wa aina yoyote asipakiwe pamoja na dawa hii." Kweli ile "aina yoyote" ilinitatiza kidogo, lakini ofisini tuliona maneno ya ajabu kuliko hayo. Bwana Afya akatia sahihi bila kusoma.

Asubuhi yake lori lilikuwa uani, limewashwa. Sikujua, na naapa sikujua, kwamba jana yake Saidi alikuwa ameletewa habari kuwa Asumini yuko kambini, anatapika, haijulikani kama ataona siku mbili. Lori lile ndilo gari pekee lililokuwa na kibali cha kupita magogo. Saidi alikuwa ameshapanda nyuma, amekaa juu ya pipa, kapakata kifurushi chenye khanga na glukosi.

Dereva alikuwa Marcelo, Msukuma wa Bukundi, mtu wa masihara. Aliamriwa awasomee wapakiaji masharti kwa sauti, akasoma huku akicheka, maana hata yeye hakuona kichwa wala mkia. Alipofika la nane akalisoma mpaka mwisho, akaacha kucheka, akamtazama Saidi. Nilikuwa dirishani nikiwatazama. Saidi akanyoosha mkono apewe karatasi, akaitembezea kidole taratibu, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Ndilo," akasema. "Ndilo jina langu."

"Nkoi, rafiki yangu," Marcelo akamwambia, "labda ni Saidi mwingine. Kaa tuondoke."

"Wameandika wa aina yoyote."

Akashuka. Marcelo alimsihi sana, akamwambia mtoto ni wako na karatasi ni ya kwao. Saidi akajibu kwamba serikali haiwezi kuandika jina la mtu bila sababu, huenda kuna jambo juu ya damu yake ambalo madaktari wanalijua, akienda anaweza kumdhuru mwanawe. Akampa kifurushi, akasimama pale uani mpaka lori likapotea. Mimi dirishani niliridhika. Nilifikiri: yule akome na sigara zake. Mpaka leo nikikumbuka kuridhika kule nachukia sura yangu.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya lori kulikuwa na dumu la maji ya betri, la trekta la kijiji. Maji ya betri ndiyo asidi yenyewe. Nani alijua? Masharti yalimkataza Saidi, hayakukataza dumu. Karibu na Mwamanyili lori likaingia korongoni, dumu likapinduka juu ya pipa lenye mfuniko uliopasuka, moshi wa kijani na njano ukafumuka chini ya turubai. Marcelo alitoka mbio akikohoa damu. Alirudi na ndoo za maji ya korongo akamwaga, kama karatasi ilivyosema, akiwa haamini, na akaokoa mapipa matatu. Kifurushi kiliungua. Lori liliingia kambini kesho yake, likiendeshwa na mtu mwingine. Marcelo alilazwa wiki tatu, na sauti yake haikurudi kama zamani.

Huku nyuma Saidi alikwenda kwa miguu mpaka kwenye gogo la kwanza. Mgambo walikuwa na nakala ya masharti yangu. Siku ile walikuwa wamesharudisha Saidi mwingine, muuza samaki, na baiskeli yake. Wakamrudisha na yeye.

Bwana Afya aliniita, akaweka mwandiko wake kando ya kazi yangu. Nilimwambia angeandika maji ya betri kama watu wengine, na hilo nitalisema mpaka kaburini. Lakini nililia. Karatasi zile akazichoma zote, nikapiga chapa nyingine zenye neno lake.

Mjini watu wakamzunguka Saidi kumpongeza. Angekuwa nyuma kule juu ya pipa, walisema, leo tungekuwa tunamsomea hitima. Wakaniita hata mimi mkono wa Mungu. Saidi aliitikia tu. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi ambayo hajui ashike upande gani.

Asumini akapona. Miezi miwili ikapita, siku moja Saidi akaja ofisini, akasimama mlangoni kofia mkononi. Akaniamkia kwa heshima, akaniita mama karani, mimi niliyekuwa mdogo kwake. Akaniomba nimpigie tena chapa ile karatasi ya masharti, na makosa yake yote, kama ilivyokuwa.

Nikamuuliza ya nini. Akasema binti yake hasemi naye. Kule kambini, siku alipoweza kuinua kichwa, alisikia lori la baba yake linaingia, akaomba wamsogeze dirishani. Akaliona lori. Baba hakuwemo. Wagonjwa wenzake walikuwa wamekufa wakiwa na ndugu waliotoroka magogo wakapita porini. Saidi alimweleza kwamba jina lake liliandikwa, na Asumini alimjibu kuwa hakuna ofisi inayoandika upuuzi wa namna hiyo.

Nikatia karatasi kwenye mashine. Mara ya kwanza vidole vikaandika asidi, nikaichomoa nikaichana. Nikaanza tena, polepole, herufi moja moja: Saidi wa aina yoyote asipakiwe. Chini nikaandika kwamba kosa ni langu, Lukresia, nikatia sahihi. Akaikunja, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

Alirudi baada ya juma. Nilimwona anavuka ua, nikakimbia kumpokea, kwa kuwa nami nilikuwa nikisubiri kusamehewa.

"Amesoma?" nikamuuliza.

"Amesoma."

"Ameamini?"

"Ameamini, mama karani. Alicheka hata machozi yakamtoka. Halafu akanitazama, akaniuliza jambo moja tu. Akasema, 'Na wewe, baba, ukashuka?'"

Akanirudishia ile karatasi, akasema haina kazi tena.